Kinamasi si dawa ya kila uchafu: jinsi uoto na ardhioevu zinavyosafisha maji ya mashambani

Mvua kubwa ikinyesha siku chache tu baada ya mbolea kuwekwa, sehemu ya mbolea hiyo huondoka shambani kabla mazao hayajaifaidi. Huondoka kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Mtu asipozitenganisha njia hizo, atapanda nyasi mahali ambapo maji machafu hayapiti, atachimba bwawa lisilofikiwa na tatizo lenyewe, kisha atasema mambo ya vinamasi ni porojo za semina.

Njia ya kwanza iko juu ya ardhi. Matone ya mvua yanapiga udongo ulio wazi, yanauvunjavunja, na maji ya kahawia yanateremka na tope. Tope hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya fosforasi, kwa kuwa fosforasi hujishikiza kwenye chembe ndogo za udongo, hasa zenye madini ya chuma na alumini. Njia ya pili iko chini. Naitreti, umbo la naitrojeni ambalo mimea mingi hulitumia, huyeyuka kabisa ndani ya maji. Ina chaji hasi, na chembe za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, hivyo udongo hauwezi kuishika. Maji yakizama, nayo inazama, inapita chini ya mizizi, na kuibukia kwenye kijito baada ya siku, miezi au hata miaka. Maji hayo huwa meupe kabisa. Ukiyachota na kuyatazama juani hutaona kasoro yoyote.

Kwa hiyo kijito chenye maji meupe si lazima kiwe safi, na kijito chenye tope si lazima kiwe na naitreti nyingi. Swali la kwanza kabla ya kununua mche wowote ni hili: maji ya shamba hili yanafika mtoni kwa njia gani?

Madhara yenyewe hutokea mbali na shamba, na pengine ndiyo maana hupuuzwa. Virutubisho vikifika ziwani au baharini vinaustawisha mwani kupita kiasi. Mwani ukifa unazama, bakteria wanauozesha, na katika kuuozesha wanatumia oksijeni ya maji ya chini hadi samaki wanakimbia au wanakufa. Katika Ghuba ya Meksiko, mahali Mto Mississippi unapoingia baharini, eneo la namna hiyo hutokea kila kiangazi. Mwaka 2017 lilipimwa likawa na kilomita za mraba 22,720. Aina nyingine za mwani, zile za kijani-buluu ambazo kwa kweli ni bakteria, hutoa sumu. Mnamo Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, pamoja na vitongoji vyake, walizuiwa kunywa maji ya bomba kwa sababu sumu hiyo ilikuwa imeingia kwenye maji yanayovutwa kutoka Ziwa Erie. Watu wapatao 400,000 au zaidi waliathirika, na kuchemsha maji hakukusaidia, kwa kuwa sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Naitreti nayo ina hatari yake hata bila mwani: Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Ukanda wa nyasi na adui yake

Kinga rahisi kuliko zote ni kuacha ukanda wa uoto kati ya shamba na maji. Nyasi zilizosongamana hupunguza kasi ya maji yanayoteremka, na maji yakipoteza kasi yanapoteza pia uwezo wa kubeba mzigo. Mchanga na mabonge ya udongo huanguka katika mita chache za mwanzo. Chembe nyembamba za mfinyanzi huenda mbali zaidi, na hizo ndizo zenye fosforasi nyingi kwa uzito wake, kwa hiyo ukanda mwembamba unaweza kukamata tope jingi machoni huku ukipitisha sehemu mbaya zaidi ya tope hilo. Sehemu ya maji huzama ardhini ndani ya ukanda wenyewe kwa sababu mizizi imeufungua udongo. Hiyo ni faida ambayo watu huisahau, ingawa kwa vitu vilivyoyeyuka ni kubwa kuliko ile ya kuchuja.

Miti kando ya mto hufanya kazi nyingine. Mizizi yake huenda chini, na majani yanayoanguka huurutubisha udongo kwa kaboni. Watafiti William Peterjohn na David Correll walifuatilia maji yaliyotoka kwenye shamba la mahindi huko Maryland, Marekani, yakipita msitu wa kando ya kijito. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1984, msitu ulinasa takribani asilimia 89 ya naitrojeni iliyoingia na asilimia 80 ya fosforasi. Takwimu hizo zimenukuliwa mno tangu wakati huo, na nadhani zimewapa watu matumaini yasiyo na masharti. Pale Maryland maji ya chini ya ardhi yalipita kwa kina kifupi, ndani ya udongo wa mizizi. Penye ardhi ambayo maji yake hupita chini sana, msitu uleule ungeyatazama tu yakipita.

Upana je? Sheria hutaja tarakimu kwa kuwa lazima zitaje tarakimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya jimbo la Minnesota ya mwaka 2015 inataka uoto wa kudumu wa wastani wa kama mita 15 kando ya mito na maziwa ya umma, na kama mita 5 kando ya mitaro ya umma. Mteremko mkali, udongo wa mfinyanzi na shamba refu linaloteremkia mtoni vyote vinadai upana zaidi.

Lakini mita zote hizo huwa bure maji yakikusanyika. Ukanda wa nyasi hufanya kazi pale maji yanapouingia yametandaa, yote kwa kina cha vidole vichache. Mashambani maji hayapendi kutandaa. Yanafuata njia ya ng'ombe, mfereji wa trekta, bonde dogo lisiloonekana wakati wa jua, na yakifika kwenye ukanda yanapita mahali pamoja kwa nguvu na kuzilaza nyasi chini. Unaweza kuwa na ukanda wa mita mia tatu kando ya mto, na maji karibu yote yakavukia kwenye mita tatu tu.

Kuna mtego mwingine, na huu huletwa na mafanikio ya ukanda wenyewe. Mwaka baada ya mwaka tope linalonaswa huinuka pale nyasi zinapoanzia, plau nayo huongeza udongo upande wa shamba, na polepole tuta hujengeka. Maji yakifika kwenye tuta hayavuki. Yanageuka na kutembea sambamba na ukanda hadi yapate pengo, kisha yanapita yote hapo. Asiyelijua jambo hili ataona nyasi za kijani zilizonyooka na kudhani kila kitu kiko sawa. Dawa yake ni kutembea kando ya ukanda wakati mvua inanyesha, kuona maji yanaingilia wapi, kisha kusawazisha tuta na kuyatandaza maji juu zaidi, ndani ya shamba lenyewe, kwa makinga maji ya kontua au kwa kuotesha nyasi ndani ya bonde lile yanamokusanyika.

Kazi inayofanyika matopeni

Naitreti inayopita chini ya ardhi hainaswi na nyasi. Kwa hiyo hapo ndipo kinamasi kinapohitajika, na sifa nyingi zinazopewa mafunjo na matete kwa kweli ni za viumbe wasioonekana.

Tope la kinamasi halina oksijeni isipokuwa katika ngozi nyembamba ya juu. Bakteria wanaoishi humo wanahitaji kitu cha kupumulia badala ya oksijeni, na naitreti inawafaa sana. Wanaitumia, wanakula kaboni ya majani yaliyooza, na kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ileile inayofanya asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Mchakato huu huitwa denitrifikesheni. Naitrojeni iliyotoka kiwandani ikiwa mbolea inarudi angani na kutoka kabisa katika maji. Hakuna cha kuvuna wala cha kuchimba baadaye.

Mimea ndiyo inayowatengenezea bakteria mazingira. Mashina yake chini ya maji hufunikwa na utando wa vijidudu, na kila shina huongeza eneo la kufanyia kazi. Majani yake yakifa huwa chakula cha bakteria. Mimea ya majini ina mirija ya hewa inayoteremsha oksijeni hadi mizizini, na kiasi fulani huvuja na kuunda maeneo madogo yenye hewa kandokando ya mizizi, ndani ya tope lisilo na hewa. Mpaka huo wa milimita chache una maana kubwa: upande wenye hewa, amonia, umbo jingine la naitrojeni, inageuzwa kuwa naitreti, upande usio na hewa, naitreti inageuzwa kuwa gesi. Mimea nayo hunyonya virutubisho, lakini isipovunwa huvirudisha karibu vyote inapokufa na kuoza.

Gugu maji ni mfano mzuri wa jinsi jambo hili linavyoeleweka vibaya. Ni kweli linanyonya virutubisho kwa kasi kubwa. Lakini bila kuvunwa mfululizo linaoza majini na kurudisha kila kitu, na likitoroka huziba ziwa, kama Ziwa Victoria lilivyoona katika miaka ya 1990. Mtu anayeshauri kulipanda ili kusafisha maji anatatua tatizo dogo kwa kuleta kubwa. Mimea ya asili ya mahali husika inatosha, na mara nyingi hujiotea yenyewe ukishapata kina sahihi cha maji.

Bakteria hao wanataka muda, na muda huo unaweza kukokotolewa. Chukua kinamasi cha kuchimbwa cha hekta moja chenye kina cha sentimita 30. Kinabeba mita za ujazo 3,000. Kwa siku ya kawaida ikiwa yanaingia mita za ujazo 500, maji yanakaa humo siku sita, na naitreti nyingi itaondoka. Ikija mvua inayoleta mita za ujazo 6,000 kwa siku moja, maji hayohayo yanakaa nusu siku. Ndiyo maana vinamasi hufanya vizuri sana kwenye vipimo vya msimu wa maji machache na kuchechemea siku za gharika, ambazo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Baridi nayo hupunguza kasi ya bakteria, tatizo kubwa katika nchi ambako theluji huyeyuka wakati mashamba yako wazi.

Katika jimbo la Iowa, ambalo ni kitovu cha mahindi Marekani, kuna mpango wa vinamasi vilivyochimbwa mahususi mwishoni mwa mabomba yanayokausha mashamba. Kinamasi hupewa eneo la kama asilimia 0.5 hadi 2 ya ardhi inayokimwagia maji, na hutarajiwa kuondoa asilimia 40 hadi 70 ya naitreti. Si haba kwa kipande kidogo hivyo, ila angalia tena zile asilimia: hata kikifanya kazi vizuri, asilimia 30 au zaidi ya naitreti inaendelea na safari. Ukipunguza mbolea ya ziada shambani, kinamasi kinapata kazi kinayoiweza.

Mabomba ya Iowa yanastahili neno. Mashamba mengi ya nyanda zenye maji mengi yamezikiwa mabomba yenye matundu chini ya udongo ili kuyakausha, nayo humwaga moja kwa moja kwenye mtaro. Bomba hupita chini ya ukanda wa nyasi na miti, likavuka bila kuguswa na mzizi hata mmoja. Watafiti Dan Jaynes na Tom Isenhart walijaribu kulitatua hilo mwaka 2010: kabla bomba halijafika mtoni, wanalikatiza kwa kisanduku chenye mbao za kupanga zinazoinua kiwango cha maji, kisha maji yanageuziwa bomba jingine lenye matundu linalolala sambamba na mto. Kutoka hapo yanajipenyeza polepole kupitia udongo wa ukingoni, wenye mizizi na kaboni, hadi mtoni. Mvua ikizidi, maji yanaruka juu ya mbao na kwenda zake, ili shamba lisifurike. Ni kazi ya mchimbaji ya siku moja au mbili, na haimnyang'anyi mkulima eneo la kulima zaidi ya ule ukanda ambao angepaswa kuwa nao.

Fosforasi haina pa kwenda

Kwa fosforasi hadithi ni nyingine, na hapa ndipo ahadi nyingi huvunjika. Fosforasi haigeuki gesi ikaondoka. Kinamasi kinaweza kuihifadhi tu: ndani ya tope, ndani ya mboji inayojengeka chini, ndani ya mimea. Ghala hilo lina ukomo, na mlango wake hufunguka pande zote mbili. Tope likikosa oksijeni kabisa, chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi hubadilika umbo na kuiachia, ikarudi majini. Kwa maneno mengine, hali ileile inayofaa kuondoa naitreti inaweza kuitoa fosforasi ghalani. Na ukichimba kinamasi kwenye shamba lililowekwa mbolea miaka mingi, maji ya kwanza yanaweza kutoka na fosforasi nyingi kuliko yaliyoingia.

Mahali pa kujifunzia ni Florida. Kinamasi kikubwa cha Everglades kilikuwa na uoto uliozoea umaskini wa fosforasi. Nyasi zake zenye kingo kali kama msumeno ziliishi kwa kiasi kidogo mno. Maji ya mashamba ya miwa yalipoingia, matete-manyoya, mmea wenye kichwa cha kahawia kinachofanana na soseji, yalizifukuza nyasi hizo katika maeneo makubwa. Sheria ya mwaka 1994 iliagiza kujengwa vinamasi vya kuchuja maji kabla hayajafika hifadhini, navyo leo vina jumla ya zaidi ya hekta 23,000. Kiwango kinachotakiwa ndani ya Everglades ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja katika lita 100,000. Na mmea unaofanya kazi ya mwanzo katika vinamasi hivyo ni yaleyale matete-manyoya. Ndani ya hifadhi ni wavamizi, kwenye chujio ni vibarua. Maji yakishatoka kwenye matete yanaingia vyumba vya nyuma vyenye mimea inayoishi chini ya maji, ambayo husaidia kushusha fosforasi hadi viwango vya chini zaidi.

Vinamasi hivyo vinasimamiwa kama mtambo. Chumba kikikauka, mboji inaingiwa na hewa, inaoza, na maji yakirudi yanaibeba fosforasi iliyoachiliwa. Kwa hiyo wakati wa ukame wasimamizi hupambana kukiweka na unyevu. Kwa bwawa dogo la shambani somo ni kuanza na shimo la kutulizia tope mahali maji yanapoingilia, lenye kina kirefu na linalofikika kwa mashine, ili tope lichotwe na kurudishwa shambani kabla halijajaza kinamasi chenyewe. Shimo lisilochotwa hujaa, kisha gharika moja inalikoroga na kulisukuma lote mbele.

Kuhusu viuatilifu, jibu linategemea dawa yenyewe. Zile zinazonata kwenye udongo na mboji hunaswa pamoja na tope, na nyingine huvunjwavunjwa na jua na vijidudu zikipewa siku za kutosha. Zinazoyeyuka sana majini hupita kwa urahisi zaidi. Vimelea vya kinyesi cha mifugo hupungua kwa kutulia na kwa mwanga wa jua, ila ng'ombe wakiruhusiwa kunywea humohumo hesabu hiyo haina maana.

Gharama za kimazingira zipo pia. Matope yasiyo na hewa hutoa methani, na denitrifikesheni isipofika mwisho hutoa naitrasi oksaidi, gesi ambayo kwa uzito uleule hupasha dunia joto takribani mara 273 ya kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100. Hoja hiyo hutumiwa wakati mwingine kupinga vinamasi. Kwangu haina nguvu inayodhaniwa, kwa sababu naitreti isiyoshughulikiwa kinamasini huendelea kugeuzwa mtoni na baharini, na huko nako gesi hiyo hutoka.

Lisilokubalika ni kugeuza kinamasi cha asili kuwa dampo la maji ya mashamba. Everglades yenyewe ni ushahidi wa yanayotokea. Kinamasi cha kuchuja huchimbwa kati ya shamba na ardhioevu ya asili, kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, na hupewa njia ndefu ya maji yenye vizuizi vya hapa na pale ili maji yasikate moja kwa moja kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Kona ambazo maji yamelala bila kusogea hazisafishi chochote na huzaa mbu.

Kujua kama mradi unafanya kazi kunahitaji kupima pande zote mbili, maji yanapoingia na yanapotoka, na kupima kiasi cha maji pamoja na kilichomo ndani yake. Sampuli iliyochotwa siku tulivu ya kiangazi karibu kila mara itatoa jibu zuri. Anayetaka jibu la kweli achote wakati wa mvua ya kwanza kubwa baada ya mbolea kuwekwa, tena mara kadhaa kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Na kama kijito kinalishwa na maji ya chini ya ardhi, ajiandae kusubiri, kwa kuwa naitreti anayoipima leo inaweza kuwa imetoka kwenye mbolea iliyowekwa miaka mingi kabla ukanda haujaoteshwa.